Wakuu, tar na pigz, xz au zstd? Mashine inakesha, faili halipungui

fundi_linux: Habari za jioni wakuu. Nahifadhi folda kubwa kwa tar -czf (tar inaifunga iwe faili moja, gzip inalibana), gzip inatumia kori moja tu ya prosesa, inakesha. Nasikia -I inaita programu nyingine ya kubana: pigz (gzip ya kori nyingi), xz au zstd. Nichukue ipi? Diski inatakiwa asubuhi.

MzeeWaTerminali: zstd. Andika `tar -I 'zstd -T0' -cf kazi.tar.zst kazi/`. -T0 ni kutumia kori zote. Usisahau hizo alama za kunukuu, la sivyo tar inadhani -T ni yake, ya kusoma orodha ya mafaili, na inaanza kutafuta faili linaloitwa 0.

binti_seva: Xz sitaki kuisikia tangu Machi 2024, ule mlango wa nyuma wa wadukuzi kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ofisini tulikesha tukikagua seva moja moja.

Kisu: Pole dada, ila hajauliza usalama. Mkuu, ndani ya folda kuna nini?

fundi_linux: Kazi za ofisi tu.

Kisu: Kazi gani? Maandishi? Picha?

fundi_linux: Video za harusi na send-off, MP4. Lakini bosi keshaambiwa nafasi itabaki nusu. Na kwenye tar nimeweka --remove-files, ifute yenyewe nisihangaike.

MzeeWaTerminali: Simamisha SASA HIVI. MP4 imeshabanwa tangu kwenye kamera, hakuna programu itakayokupa nusu. Na --remove-files inafuta faili likishaingia tu, haisubiri uhakiki. Video za watu hizo!

Shangazi_K: Vijana mnafanyia majaribio kumbukumbu za watu. Harusi hairudiwi.

pweza77: Chai hii. Diski imejaa, hilo tar linaandikwa wapi?

fundi_linux: Diski ya nje, mkuu. Si chai. Folda ndogo ya 38G imetoka 37G, ndiyo maana nauliza. Labda xz -9, ile ya kubana zaidi, itafika nusu?

pweza77: Mtu anajua -I halafu hajui MP4 haibanwi? Tuwekee `ls -lh`, tuone mafaili na ukubwa wake.

binti_seva: Pweza, iwe chai au isiwe, kuna atakayesoma huku anafuta. fundi, piga `gzip -t` kwenye yale yaliyokwisha, uone kama ni mazima, kisha nakili yaliyobaki kwa tar tupu bila kubana na uweke sha256sum, namba ya kuhakiki kuwa nakala haijabadilika.

fundi_linux: Nimebonyeza Ctrl+C. Folda mbili zilishafutwa. Naanza na gzip -t, ls inakuja.