Kiwanja cha mbugani au cha udongo mwekundu Dodoma: kipi kinafaa nyumba, karo na bustani?

Mhamiaji
Wakuu habari za jioni. Nimehamia Dodoma kikazi na nataka kujenga. Nimeonyeshwa viwanja viwili, vyote mita 20 kwa 30. Cha kwanza kiko bondeni, tambarare, udongo mweusi tii, na bei yake ni nusu ya kile kingine. Cha pili kiko mwinukoni, udongo mwekundu wa kichanga. Nyumba ni ya vyumba vitatu, karo la choo nyuma, na mke wangu hataki kusikia habari ya nyumba isiyo na bustani ya mboga.

Moyo ulikuwa kwenye cheusi kwa sababu ya bei. Jumapili nikaenda peke yangu, nikakuta ardhi imepasuka. Nilichomeka fimbo kwenye ufa ikazama mpaka usawa wa goti. Dalali anasema ni jua tu, mvua ikinyesha zinajifunga zenyewe. Nawasilisha.

FundiMsingi
Mkuu, dalali kasema kweli, na ndiyo sababu ya kuogopa. Hiyo ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa. Huku mvua ni Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni kiangazi kitupu, kwa hiyo kila mwaka nyumba inanyanyuliwa na kushushwa. Tena hainyanyuki sawasawa: pembeni kunalowa kabla ya katikati, kona inapanda, ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kama ngazi ukifuata maungio ya tofali. Unaziba kwa lipu, mwakani uko palepale.

Kujenga kunawezekana. Uchimbe mpaka uvuke tabaka linalovimba, au uondoe udongo mweusi ujaze moramu (udongo wa changarawe) na kuishindilia kidogo kidogo, sentimita 15 hadi 20 kila tabaka, au umwage jamvi zito la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima. Piga hesabu hiyo kwanza, maana ile nusu ya bei inaweza kuishia ardhini. Kwenye mwekundu, kama umeshikamana vizuri, msingi wa mawe wa kawaida unabeba nyumba ya chini. Usisahau dawa ya mchwa kabla ya jamvi.

Mzee wa Makaro
Naongeza la karo, maana watu hulikumbuka nyumba ikishaezekwa. Karo linabakiza tope. Maji yanatoka kwenda shimo la pembeni, na lazima yapate ardhi ya kuyanywa. Mbuga iliyolowa hainywi. Shimo linajaa katikati ya mvua, choo kinagoma, unaita gari la kunyonya kila mara.

Pima mwenyewe. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 kufikia kina ambacho maji ya karo yatatokea kuingia ardhini, lijaze jioni liloweke usiku kucha, asubuhi jaza tena uangalie kwa rula kila nusu saa. Angalizo: mbuga kavu inadanganya. Siku ya kwanza maji yanatoroka kupitia nyufa, unafurahi. Rudia mpaka udongo uvimbe ndipo usome.

Kwenye kichanga maji yanaondoka haraka, na hilo nalo lina hatari yake kama kuna kisima jirani. Acha mita 30 walau, na shimo liwe upande wa mteremko, chini ya kilipo kisima.

Mama Matuta
Jamani msiitukane mbuga. Mimi nalima mtama humo, mvua ikikatika bado udongo umeshika unyevu wakati kwenye kichanga majani yameshajikunja. Kazi yake ni kuupata wakati wake: leo unang'ang'ania jembe, wiki ijayo ni tofali. Siku za kuulima ni chache.

Kwenye mwekundu mboga zinahitaji samadi nyingi na maji kidogo kidogo mara kwa mara. Zabibu zinaupenda, angalieni mashamba ya Hombolo na Mpunguzi hapa hapa Dodoma. Halafu visima vingi huku vina chumvi. Ukimwagilia inabaki udongoni: kwenye kichanga mvua zikija zinaisukuma chini, mbuga inaihifadhi.

FundiMsingi
Mama, nakubali, ila bustani ya mbugani ikae mbali na ukuta, na mwarobaini pia. Unamwagilia upande mmoja, mti unakausha wa pili, nyumba inapinda. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyopasuka upande wa jikoni tu. Tulipofukua tukakuta bomba la sinki limevunjika, maji yanaingia chini ya msingi. Pande tatu nyingine zilikuwa salama kabisa.

Mhamiaji
Nimerudi. Nilichukua udongo wa kila kiwanja, nikaulowesha na kuusokota viganjani. Mweusi ukawa mnyoo mrefu, nikaukunja pete bila kukatika. Mwekundu ukamomonyoka. Shimo la mbugani siku ya kwanza lilikunywa ndoo nzima. Siku ya tatu maji yalisimama mpaka mchana. La mwinukoni lilikuwa limeshuka kabla sijamaliza chai.

Nikabisha hodi kwa jirani wa bondeni. Mama wa pale alinionyesha mlango wa jikoni: kiangazi unafungika vizuri, mvua zikianza fremu inaubana, wanaufunga kwa kamba.

Nachukua chekundu. Mama Matuta, samadi ya ng'ombe napata wapi kwa trela, na kwa tuta la mita moja kwa tano niweke ndoo ngapi?

Mama Matuta
Anza na ndoo tano, iliyooza vizuri, isiwe mbichi. Nitumie ujumbe, ninayemchukulia yuko njia ya Hombolo.