Imani ya RC (Wakatoliki) nimeijua kwa kuishi nao, kuna ubaya nikiihukumu hivyo?

Mwana_Mbeya
Wakuu habari za muda huu. Mimi Mmoraviani ila nimefanya kazi Songea muda mrefu, na kule RC ndo wengi, nimepanga kwenye nyumba zao, nimekula nao, misiba yao nimezika. Sasa kuna jamaa, Jumamosi analewa anamtandika mkewe mtaa mzima unasikia, wiki inayofuata yuko kwenye foleni ya kuungama, Jumapili anakomunika, Jumatatu yale yale. Nikamuuliza, akanijibu bila wasiwasi "sisi tukishaungama yameisha, nikirudia naungama tena." Na si yeye tu, wengi nimewasikia. Nikisema RC wanaamini dhambi unafutiwa na padre halafu unaendelea, jirani ananiambia nawasingizia, nikasome Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho yao. Jamani, imani ya mtu si ndo ile anayoiishi? Kitabu cha nini wakati watu wenyewe ninao? Tujadili bila matusi.

Katekista_Kusini
Tumsifu Yesu Kristo. Mkuu mimi nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Kabla hawajaenda kuungama tunawakaririsha sala ya kutubu, fupi tu, na ndani yake kuna maneno "basi sitaki kukosa tena." Mtoto wa darasa la tatu anayajua. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulishasema majuto ya kweli yana nia ya kutotenda dhambi tena, sasa mtu anayeingia kuungama huku ameshapanga kurudia hana majuto, na bila majuto hilo ondoleo halimsaidii kitu. Halafu Katekisimu namba 1459 inasema uliyemdhuru umlipe, ukiiba urudishe, ukimchafulia mtu jina umsafishe, ukimjeruhi umfidie. Huyo jamaa ana deni kwa mkewe na padre hawezi kumfutia.

Nilishatoka
Katekista nakuheshimu ila hayo ni ya kwenye kitabu. Baba yangu mdogo alipofariki viongozi wa jumuiya walianza na daftari, wakaona michango hajalipa na jumuiya haendi, mtu alikuwa anaumwa figo hata kutoka kitandani shida. Padre hakuja, tukazika wenyewe kwa kuimba nyimbo tulizozijua. Siku ile hakuna aliyetufungulia Katekisimu, Katekisimu yetu ilikuwa lile daftari. Ndo maana mimi naungana na mleta mada.

Katekista_Kusini
Pole sana ndugu yangu, nasema kwa moyo. Kanoni (sheria ya Kanisa) namba 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, na anayedaiwa michango hayumo. 1181 inasema kabisa maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Mlichofanyiwa kilikuwa kinyume na Kanisa lenyewe, na mlikuwa na haki ya kufika mpaka kwa askofu.

Bint_Tanga
Mimi Muislamu na hili linatuuma na sisi, mtu akisikia jirani katoa talaka tatu kwa meseji akiwa na hasira basi ndo Uislamu huo. Lakini mleta mada mbona kama una maswali mawili umeyachanganya. Ukiuliza RC wanafundisha nini, mlevi si shahidi, waulize wanaofundisha. Ukiuliza mafundisho yanawafikia watu au yanaishia kwa watoto wa komunyo, hapo huyo mlevi na hao wa daftari ni mashahidi wakubwa kuliko katekista, na viongozi wao wanatakiwa wawasikilize badala ya kukwambia nenda kasome.

Mwana_Mbeya
Bint nimekupata. Ila Katekista, hilo la kumfidia uliyemjeruhi nimeingia misa zenu za harusi na misiba miaka yote sijawahi kulisikia likihubiriwa. Mke wa jamaa naye ni RC, anajua anadaiwa hicho? Maana yeye anasema ndoa ni msalaba wake, abebe tu.

Katekista_Kusini
Wengi wameambiwa hivyo na inaniumiza. Kanoni 1153: mwenzi akikuhatarishia roho au mwili una sababu halali ya kuondoka, askofu anatoa ruhusa, na kama kuchelewa ni hatari unaondoka kwanza. Mfikishie hilo mkuu, leo ikiwezekana. Na asimsubiri padre ndo aende polisi, dawati la jinsia lipo.