Ushauri: mafunzo ya usalama wa mawimbi ya redio kwa mafundi wa kazi tofauti niyapangeje?

Msimamizi_Usalama

Habari zenu wakuu. Kampuni yetu ina mafundi wa aina tatu. Wapo wapanda minara wanaofunga na kukarabati antena. Wapo wa majengo, wanaopaka rangi, kuziba mapaa yanayovuja na kuhudumia viyoyozi juu ya maghorofa. Na wapo wa kiwandani, wanaounganisha turubai za plastiki kwa mashine za mawimbi ya redio.

Uongozi umeniagiza niandae mafunzo ya siku moja, wote ukumbi mmoja, mwisho kila mtu aondoke na cheti. Moyo unasita. Wapanda minara wanajua mengi kuliko mimi, wa mapaa hawajui kama lile boksi refu jeupe ukutani ni antena, na wa kiwandani swali lao ni moja tu: tutapata saratani? Nianzie wapi?

Fundi_wa_Juu

Anza na wa mapaa, mkuu. Sisi wa minara tunapanda tukijua tunaifuata antena. Fundi wa rangi amefuata ukuta. Antena nyingine hufichwa nyuma ya paneli za faibaglasi zilizopakwa rangi ya jengo, kwa hiyo anaweza kuwa mbele yake saa nzima akidhani ameegemea ukuta wa kawaida. Na antena inayorusha haina tofauti kwa macho na iliyozimwa. Haina sauti wala taa.

Wafundishe mambo machache lakini yawakae. Antena za simu za aina ya paneli hurusha nguvu nyingi zaidi upande wa mbele, kwa hiyo hatari kubwa iko usoni pake, na umbali hata wa hatua chache hubadilisha mambo sana. Wasome kibao cha onyo kabla ya kufungua mlango wa paa. Kama kazi inawapeleka mbele ya antena, wampigie mwenye mtambo, nguvu ipunguzwe au izimwe, na wasisogee mpaka wathibitishiwe. Neno la mlinzi wa jengo kwamba "imezimwa" halitoshi.

Minara ya redio ya AM ifundishwe kivyake. Pale mara nyingi mnara wenyewe ndio antena, chuma kizima kina umeme wa mawimbi. Anayeugusa huku amesimama ardhini anaungua palepale.

Mhandisi_Masafa

Naongezea jambo ambalo uongozi wako lazima ulisikie, kwa sababu ndilo linalofanya mafunzo yasiwe mapambo.

Mwongozo wa mwaka 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, una viwango viwili. Kwa wafanyakazi, mwili mzima usifyonze zaidi ya wati 0.4 kwa kilo, kwa wastani wa dakika 30. Kwa umma ni wati 0.08, yaani moja ya tano. Hesabu inaanzia wati 4 kwa kilo, kiasi kinachohusishwa na joto la mwili kupanda kwa takriban nyuzi 1: mfanyakazi amewekwa mara 10 chini ya hapo, umma mara 50.

Sasa, nani anahesabiwa mfanyakazi? Ni yule aliyefundishwa akaijua hatari na njia za kujikinga, na anayefanya kazi katika mazingira yanayodhibitiwa. Fundi wako wa rangi ambaye hajafundishwa anahesabiwa kama mpita njia, hata kama amevaa kofia na fulana ya kampuni. Cheti alichopewa baada ya kusinzia ukumbini hakimhamishi.

Wapanda minara nao wakumbushwe kwamba masafa (kasi ya mtetemo wa mawimbi, hupimwa kwa megahezi) hayalingani kwa ukali. Mwili wa binadamu hufyonza zaidi kwenye makumi ya megahezi hadi mia kadhaa, na redio za FM ziko humo humo. Aliyezoea antena za simu asiende kwenye mnara wa FM kwa mazoea yale yale.

Mama_Kiwanda

Naomba kiwanda kisisahaulike, nimesimamia mashine hizo miaka mingi. Nyingi hutumia megahezi 27.12, na mwendeshaji anakaa karibu nazo kuliko fundi yeyote anavyokaa karibu na antena ya simu. Mikono iko pembeni ya elektrodi, vile vyuma vinavyopitisha mawimbi kwenye plastiki, zamu nzima.

Ninalolipigania kila siku ni vizuizi vya chuma. Vinapunguza uvujaji, lakini vinachelewesha kazi, basi kijana anavitoa ili afikishe idadi ya zamu. Ukifundisha usalama huku malengo ya uzalishaji hayatimii bila kuvitoa vizuizi, umewaonea wale vijana. Ongea na meneja wa uzalishaji kwanza. Meza na viti vya chuma visogezwe mbali na mashine, vinaweza kubeba mkondo na kuunguza.

Pia wenye vifaa vya kuratibu moyo au vyuma mwilini waambiwe waje faragha. Na mjamzito ICNIRP inamweka kwenye kiwango cha umma ili kumlinda mtoto tumboni, kwa hiyo kuwe na njia ya kumhamisha bila kupoteza kipato.

Msimamizi_Usalama

Asanteni sana. Basi nitaomba saa chache za pamoja, halafu kila kundi liende kwenye eneo lake la kazi. Yamebaki mawili: saratani nawajibuje? Na tuwanunulie wote vile vipima mionzi vya kuvaa?

Mhandisi_Masafa

Wajibu bila kuficha. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja kemikali za mwili kama eksirei. Madhara yaliyothibitika kwa masafa yenu ni joto, na kuungua kwa kugusa. Mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliyaweka kundi la 2B, "huenda yakasababisha saratani", kwa sababu ushahidi ulikuwa finyu. Usiwaambie hakuna swali kabisa, na usiwatishe.

Vipima wanunulie wapanda minara kwanza. Hakikisha kipima kinasoma masafa ya kazi husika. Cha antena za simu kinaweza kukaa kimya mbele ya mashine ya megahezi 27. Kirudishwe kupimwa usahihi kwa ratiba ya mtengenezaji. Na wajue kinatoa onyo tu, hakikingi.

Fundi_wa_Juu

Usiache somo la siku mambo yakiharibika. Akihisi joto lisilo la kawaida au mshtuko, aondoke kwanza, maswali baadaye. Aende hospitali hata kama ngozi inaonekana nzima, maana kuungua kwa mawimbi kunaweza kuwa ndani zaidi ya kunavyoonekana juu. Andikeni siku hiyo hiyo mtambo gani, masafa gani, alikuwa umbali gani na kwa dakika ngapi, daktari apewe karatasi hiyo. Kwetu fomu tupu zinakaa ndani ya gari, pamoja na namba za wenye mitambo.