Wadau wa santuri, mbona jazz ya 1923 haina dramu wala besi?

MtotoWaChumbageni

Habari za jioni wakuu, samahani uzi utakuwa mrefu kidogo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu babu hapa Tanga, nikakuta uvunguni boksi la mbao lina santuri tisa nzito, sio zile za miaka ya 70 zinazopindapinda, hizi ni ngumu kama sahani ya udongo na kweli moja nilivyoinyanyua kwa mkono mmoja ikanikatikia kipande, mama akanitazama tu hakusema kitu. Nyingi zina ile lebo ya mbwa anasikiliza gramafoni, tatu zimeandikwa herufi GV na namba, maneno yake kama Kihispania hivi.

Sina cha kupigia, bas nikaingia YouTube kutafuta muziki wa enzi hizo. Nikaanza na rumba za Kuba, nikachepuka, nikachepuka tena, saa nane usiku najikuta niko na jamaa wa Marekani wanaitwa King Oliver's Creole Jazz Band, rekodi za mwaka 1923, ndani yumo Louis Armstrong ana miaka 21 tu. Sijalala.

Sasa swali. Nasikia tarumbeta mbili zinafukuzana, klarineti inapanda na kushuka, tromboni, banjo inakwaruza huko nyuma, ila dramu sizisikii. Besi ndio kabisaa. Na kwenye picha ya bendi namuona mtu amekaa na dramu zake, tena kubwa tu. Dramu zilikuja baadae kwenye jazz au ni laptop yangu?

La pili, kuna jirani ana mashine ya santuri ya kisasa ya LP, naweza kwenda kupigia hizi za babu?

Kipusa_wa_Buguruni

Nunua sabufa mkuu 😂

FundiRedioMstaafu

Kijana, kabla ya yote hiyo ya pili: USIPIGE. Sindano ya LP ni nyembamba karibu mara tatu kuliko inayotakiwa na santuri hizo, itazama chini kabisa ya mfereji ikokote takataka za miaka 80, utasikia mchanga mtupu. Na mashine nyingi za sasa zina spidi ya mizunguko 33 na 45 kwa dakika tu, hizo zinataka 78. Halafu wakija watu wa kukwambia zisafishe kwa spiriti uwakimbie. Hizo zimetengenezwa kwa lakiri, ile ile jamii ya lakiri ya kugandishia bahasha zamani, ni utomvu wa vidudu wanaokaa kwenye matawi ya miti huko India, wanachanganya na unga wa mawe na masizi. Lakiri inayeyuka kwenye spiriti! Maji na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, lebo usiilowanishe. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine.

Sasa dramu. Laptop yako nzima na dramu zilikuwepo, mpigaji anaitwa Baby Dodds, mdogo wake yule wa klarineti Johnny Dodds. Tatizo ni kwamba 1923 hapakuwa na maikrofoni studio. Hapakuwa na umeme kabisa kwenye hiyo kazi. Ukutani kumetoka pembe kubwa la bati kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, mdomo mpana unawatazama wanamuziki, ule mwembamba umeishia kwenye kiwambo na kiwambo kimeshika sindano, sindano inachonga kwenye sahani nene ya nta inayozunguka. Yani pumzi ya tarumbeta yenyewe ndio inasukuma sindano. Hakuna kuongeza sauti, hakuna kupunguza, kilichoingia ndio hicho.

Sasa wewe fikiria mtu anapiga dramu kubwa mbele ya kitu hicho. Ule mshindo unaitingisha sindano inaruka nje ya mfereji wake, nta imeharibika, mnaanza upya. Kwahiyo Dodds walimnyima dramu zake, akabaki anagonga vipande vya mbao, tok tok tok. Besi nayo nyuzi zake pembe halizinasi vizuri. Bill Johnson, mtu wa besi wa siku nyingi kutoka New Orleans, mji jazz ilikozaliwa, siku ya rekodi wakampa banjo. Ndio hiyo unayosikia inakwaruza.

Bi_Koneti

Asante fundi umenifungulia mlango 😊 mimi hizo rekodi nazisikiliza miaka, naomba niongeze maana kuna kitu hapo watu wanakipita.

Kwanza hizo "tarumbeta mbili" ni koneti, fupi kidogo na sauti yake nene. Moja ya Joe Oliver mwenyewe bosi, ya pili ya Louis. Walitoka Chicago kwa treni wakaenda mji mdogo unaitwa Richmond, jimbo la Indiana, tarehe 5 Aprili 1923, kampuni ya Gennett. Studio yenyewe ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha piano, na reli inapita pembeni, treni ikija mnasimamisha kazi mnasubiri ipite. Hapo ndio kizazi kizima cha jazz kimerekodiwa jamani, kando ya reli.

Haya, wakapangwa mbele ya pembe. Lil Hardin ndiye alikuwa kwenye piano, na yeye ndiye aliyekuja kusimulia baadae. Oliver na Louis kama kawaida yao wakasimama bega kwa bega, kujaribu hivi, Oliver hasikiki! Dogo kammeza. Wakamrudisha Louis nyuma, bado, wakamrudisha tena mpaka akawa peke yake kwenye kona mbali na wenzie, amenyong'onyea kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa. Lil anasema hapo ndipo alipotambua kwamba kama inabidi akae mbali vile, basi huyu ni mkali kuliko mkubwa wake. Mwaka uliofuata akaolewa naye, na yeye ndiye aliyemsukuma aondoke kwa Oliver akasimame mwenyewe.

Kwahiyo ukisikiliza ile Chimes Blues, kuna mahali koneti inaingia peke yake, hiyo ndio solo ya kwanza ya Armstrong kwenye santuri. Usiisikilize kama "solo nzuri ya zamani". Isikilize ukijua huko ndani kila mtu kapewa umbali wake, wa klarineti mmoja yuko hatua mbili, mwenye tromboni yuko pale, piano iko nyuma inasikika kama iko chumba cha jirani. Mizani yote ya sauti ilifanywa kwa miguu.

Na lingine, dakika tatu. Lincoln Gardens kule Chicago, ukumbi wao wa kila usiku, wimbo ulikwenda kwa kadri watu wanavyocheza, hakuna anayehesabu. Santuri ya inchi 10 inakupa dakika tatu na kidogo upande mmoja. Mimi huwa nasema tunachokisikia sio bendi, ni picha ya paspoti ya bendi.

Kipusa_wa_Buguruni

Duh. Narudisha maneno yangu ya sabufa.

mtu_wa_takwimu

Mnamsifia Oliver lakini rekodi ya kwanza ya jazz ni ya Original Dixieland Jazz Band, Februari 1917 New York kampuni ya Victor. Wazungu watupu. Hilo halisemwi humu.

Bi_Koneti

Linasemwa sana mkuu, mbona. Wa kwanza kurekodiwa, sawa. Wa kwanza kuupiga, hapana, na wao wenyewe wanatoka New Orleans hiyo hiyo walikosikia kila kitu mitaani. Kuna habari maarufu kwamba Freddie Keppard, koneti mweusi wa huko huko, alipata nafasi ya kurekodi kabla yao akagoma kwa sababu hakutaka watu wamwibie mitindo yake, wengine wanaibisha hiyo habari. Ukweli ni kwamba kampuni nyingi zilikuwa hazitaki weusi kwa muziki wa aina hii mpaka Mamie Smith alipoimba Crazy Blues mwaka 1920 kwa kampuni ya OKeh na santuri zikaisha madukani, hapo ndipo walipogundua kumbe watu weusi nao wananunua! Tena hiyo Gennett unayoisikia, miaka hiyo hiyo ilikuwa inachapisha santuri za Ku Klux Klan kwa oda, hela mbele. Mashine ile ile. Nikikumbuka hilo huwa sina la kusema.

Ukipiga ya 1917 halafu ukapiga ya Oliver utaona mwenyewe, ile ya kwanza inakimbia kama watu wanafukuzwa na mbwa, hii ya pili inatembea.

mtu_wa_takwimu

Haya, la kutembea nakubali.

FundiRedioMstaafu

Hapo kwenye kukimbia Bi_Koneti muwe waangalifu, spidi ya 78 enzi hizo ilikuwa makadirio, studio hii inachonga juu kidogo, ile chini kidogo. Mtu akija kuhamishia YouTube bila kupima, wimbo unapanda nusu nota na kila mtu anaonekana ana haraka. Mimi hushika gitaa nikatafuta kama nota zinakaa mahali pake, zikiwa katikati ya ufunguo na ufunguo najua mhamishaji kakosea.

Na kijana, ukitaka kusikia tofauti bila mimi kuongea sana, tafuta Armstrong na bendi yake ya Hot Seven, Mei 1927. Kuanzia 1925 kampuni kubwa, Victor na Columbia, walishahamia mfumo wa umeme wa Western Electric, maikrofoni na amplifaya, na wengine wakafuata. Kwenye Hot Seven kuna tuba chini inapumua, na nyuma yumo Baby Dodds huyo huyo, safari hii matoazi yake unayasikia. Miaka minne tu hiyo kijana. Watu wakadhani muziki umebadilika, mimi nasema nusu ya mabadiliko ni fundi mitambo 😀

Mgosi_wa_Kwaminchi

Mie naomba kuuliza nje ya mada kidogo wagosi. Nimekua nasikia Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz Band. Mbona hakuna hata mmoja anayepiga hayo mnayoyasema? Gitaa na rumba mwanzo mwisho. Hilo jina waliliiba au walidanganywa?

FundiRedioMstaafu

Hahaha mgosi hakuna aliyedanganywa. Huku kwetu "jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye vyombo vya kizungu, basi. Bendi za dansi zilianza mjini miaka ya 1930, Dar es Salaam Jazz ni ya wakati huo, Morogoro Jazz ikaja 1944. Na kabla yao pwani tulishakuwa na beni, tarumbeta na magwaride, vikundi vya Marini na Arinoti vinashindana kwa mavazi. Kwahiyo watu walishajua kucheza na kushindana kwa vyombo hivyo, jina ndio lilikuja na meli. Ng'ambo ya ziwa mambo yale yale, Kinshasa kuna African Jazz na OK Jazz, nao si wa New Orleans.

Muziki wenyewe ulikuja na hizo hizo za kijana, GV. Kijana unajua ulichonacho? Hizo HMV, kampuni ya hiyo lebo ya mbwa, walianza kuzitoa mwaka 1933, wakachukua rekodi za Kuba na nyingine za Kilatini walizokuwa nazo tayari, wakazichapisha upya kwa soko la Afrika, zaidi ya 200 kwa miaka yote. Humo kuna vikundi vya Kuba kama Trio Matamoros na Sexteto Habanero, na ule wimbo wa muuza karanga, El Manisero wa Don Azpiazú uliorekodiwa New York mwaka 1930. Mtu wa bandari anatia sindano, anasikia gitaa na maracas na mpigo ambao mguu wake unaujua tayari. Ya King Oliver angeipenda lakini ingempa shida kuicheza. Salum Abdallah pale Morogoro bendi yake akaiita Cuban Marimba wala hakuficha kitu.

Ndio maana nakuomba hizo tatu zisitoke kwenye hilo boksi mpaka upate mashine. Ikipatikana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sindano za chuma zinabadilishwa kila upande mmoja, usiwe bahili, ule unga wa mawe ndani ya santuri umewekwa makusudi uile sindano, ukirudia ile ile inageuka patasi.

Mgosi_wa_Kwaminchi

Nimekusoma mzee. Kumbe jazz ya jina na rumba ya mwili.

MtotoWaChumbageni

Wakuu nimerudi, asanteni sana aisee sikutegemea hivi.

Jana usiku nimevaa hedifoni nikarudia Dippermouth Blues, ya Gennett ya tarehe 6 Aprili. Safari hii nilikuwa namtafuta Baby Dodds tu. Mara ya tatu nikamnasa, tok tok za mbao ziko chini ya klarineti, ukishazisikia huwezi tena kutozisikia. Halafu karibu na mwisho bendi inanyamaza ghafla na mtu anapaza sauti kuwahimiza, nimesoma kwamba ni yule Bill Johnson wa besi aliyepewa banjo. Nimecheka peke yangu gizani, jamaa wamemnyima besi yake lakini mdomo pembe limeunasa.

Nimemuonyesha mama lebo za GV, akasema ile yenye ufa babu alikuwa anaipiga Idi tu na watoto hawaruhusiwi kusogelea meza. Ile iliyokatika kipande naye kaitambua lakini kakataa kuniambia ni wimbo gani mpaka nipate mashine.

Fundi kama kuna mtu Tanga au Muheza ana gramafoni nzima naomba anicheki inbox. Na sindano wanauza wapi siku hizi?