Wakuu, mzee kaambiwa akatwe mguu, hii ya kuzibua mshipa kwa puto ikoje?

Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana miaka 68, kisukari mwaka wa 11 huu na sigara kaacha juzijuzi tu. Alianza kulalamika kigimbi kinabana akitembea kidogo, akisimama kinaachia, sisi tukasema ni uzee. Sasa kidole cha mwisho kimekuwa cheusi na usiku analala kaning'iniza mguu nje ya kitanda ndo apate nafuu. Hapa wilayani wamesema wakate chini ya goti. Shemeji anasema kuna watu wanazibuliwa kwa puto, kuna aliyepitia? Nisaidieni jamani, mzee halali na mimi silali.

Mama Wawili:
Pole sana mdogo wangu. Mama yangu alifanyiwa, hawapasui, wanapiga ganzi kwenye kinena wanapitisha waya mwembamba mpaka palipobana, puto linafuata juu ya ule waya, likifika wanalijaza linatanua mshipa halafu wanalitoa, yeye yuko macho anaongea nao. Baadae alilazwa chali masaa kadhaa bila kukunja mguu. Kidole walikitoa ila mguu anao na sokoni anaenda.

Kijana wa X-ray:
Mkuu ulizia ABI, yani presha ya kifundo cha mguu wanagawanya kwa ya mkono, ikiwa chini ya 0.9 mshipa umebana. Ila mwenye kisukari mishipa inakakamaa kipimo kinaweza kusoma vizuri kumbe pabaya, kwahiyo ombeni na dopla, ile ultrasound ya kuangalia damu inavyopita kwenye mshipa. Pia apime kreatinini, kipimo cha damu cha figo, maana ile dawa ya rangi wanayochoma ili mshipa uonekane kwenye X-ray inaweza kusumbua figo, na kama anameza metformin, ile dawa ya kisukari, waambieni mapema.

Mzee wa Busati:
Kuomba njia nyingine sio ubishi. Mgonjwa wa kwanza kutanuliwa mshipa wa mguu kwa njia hii, Portland Marekani 1964, alikuwa bibi wa miaka 82 aliyegoma kukatwa, Dk Charles Dotter akamtanua mshipa kwa mirija ya plastiki, akatembea kwa mguu wake. Puto la Dk Andreas Grüntzig lilikuja 1974.

Mama Wawili:
Ila kama kuna usaha, harufu au homa usisubiri hata siku moja, hiyo inaua. Na mshipa unaweza kubana tena, sigara asiguse.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Usaha hakuna, homa hana. Rufaa nimeipata leo, kesho basi la alfajiri tunaenda Muhimbili.