Baba ananichora, ngozi inatoka kijivu

KitindaMimba, Kisumu: Wakuu, mzee ananichora kwa rangi za mafuta. Mkono wake unatetemeka, na uso wangu unatoka kijivu. Afanyeje?

FundiBrashi: Tatizo ni nyeupe. Nyeupe ya titani huipoza ngozi nyeusi. Kivuli achanganye siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na bluu ya ultramarini (bluu iliyokolea), siena izidi. Panapong'aa aongeze oka ya manjano (manjano ya udongo) na chembe ya nyekundu. Nyeupe ibaki kwa paji la uso na ncha ya pua, tena kiduchu.

Kondele: Mkono dawa yake fimbo ya kama mita 1, ncha ifungwe kitambaa. Kushoto kunaishika, ncha inaegemea ukingo wa fremu, kulia kunapumzika juu yake.

FundiBrashi: Tabaka la chini liwe na tapentaini, ya juu yazidi mafuta ya kitani. Akigeuza, la juu hukauka kwanza kisha linapasuka. Vanishi angoje miezi 6 hivi.

KitindaMimba: Na mwanga, atumie wa dirisha la kaskazini, sivyo?

Kondele: Hiyo ni ya Ulaya. Hapa ikweta, Juni jua linaingia huko huko. Tundika shuka jeupe dirishani, ukae saa ile ile kila siku.