Mzungu analipa dola ajitolee, mimi wa Mweka naambiwa "wewe si uko nyumbani?"

Wakuu habari za jioni. Nimetoka sasa hivi Njiro, hapa Arusha, kwenye ofisi ya shirika ninalojitolea, kudai posho, mara ya nne hii. Jibu ni lilelile: "inashughulikiwa." Shirika silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Nimesoma Mweka, pale juu Moshi, chuo kinachotoa watu wa wanyamapori tangu 1963. Nikamaliza, nikasota mtaani miaka miwili na bahasha mkononi. Hawa jamaa wakanichukua kama "mjitoleaji mwenyeji". Nauli yangu, kula juu yangu, ila nikivumilia miezi mitatu kuna posho, na ajira Mungu akipenda. Huu ni mwezi wa saba.

Kazi iko upande wa Minjingu, kwenye ule ushoroba wa Kwakuchinja ambao tembo na nyumbu wanapita kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara, na lami ya kwenda Dodoma imeukata katikati. Kila mwezi linashuka kundi la vijana wa Ulaya na Marekani. Wanacholipa nilikiona kwa bahati tu, binti mmoja anamwonyesha mwenzake risiti kwenye simu: dola 2,400 kwa wiki 4, ndege hapo haimo. Nilidhani nimeisoma koma vibaya.

Na vijana wenyewe sina ugomvi nao. Siku tunafunga uzio wa pilipili shambani kwa mzee mmoja (kamba ya katani, matambara yaliyochovywa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, tembo akinusa anageuza), binti huyohuyo akajifuta jicho na kiganja kilekile. Alilia jamani! Mke wa mzee akaleta maziwa tukamwosha. Kesho yake saa kumi na mbili yuko shambani, jicho limevimba. Huyo namheshimu mpaka leo.

Lakini ni huyohuyo ambaye wiki iliyotangulia aliokota kinyesi cheupe cha fisi akaniuliza kama ni chokaa. Nikamweleza ni mifupa hiyo, fisi anakula mpaka mfupa. Ripoti ilipotoka, "kiongozi wa timu" ni yeye. Jina langu nikalikuta mwisho kabisa, chini ya dereva: "mkalimani". Na dereva analipwa.

Halafu mvua ikinyesha ile pilipili inaoshwa yote, lazima uchovye matambara upya, la sivyo mahindi yanaliwa usiku mmoja. Hiyo kazi haina picha nzuri, kwa hiyo haimo kwenye ratiba ya wageni. Naifanya mimi, peke yangu, na ndoo.

Nikamfuata bosi, Mtanzania mwenzetu kabisa. Akacheka: "Dogo, wewe si uko nyumbani? Wenzako wametoka mbali." Nyumbani gani? Kwetu ni Rombo! Minjingu nimepanga chumba elfu thelathini, maji nanunua kwa dumu.

Kingine. Mgeni wa kujitolea hatakiwi kuingia kwa viza ya utalii, na anayetafiti wanyama lazima kibali chake kipite TAWIRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori. Sisi tumeagizwa, uhamiaji wakitokea, tuseme hawa ni watalii. Kwa hiyo mambo yakiharibika, wa kwanza kuulizwa ni mimi niliyekuwa nao porini, mtu ambaye hata mkataba sina.

Jumatatu wanaingia wapya 9. Nimeshatumiwa meseji nikawapokee uwanja wa ndege wa KIA saa moja asubuhi, nauli nijitegemee kwanza, "tutakurudishia".

Kama kuna aliyewahi kuwatoa hela watu wa namna hii aseme aliwabana wapi. Na anayejua kama Ofisi ya Kazi hapa Arusha wanapokea kesi ya mtu asiye na karatasi yoyote zaidi ya meseji za WhatsApp, anielekeze kabla ya hiyo Jumatatu. Meseji zote ninazo, hata ile ya "waambie ni watalii".